Johann Ludwig Krapf (1810–1881): Mtumishi Aliyeitwa Kuandika

Historia ya Injili katika pwani ya Afrika Mashariki haiwezi kuelezwa kwa ukamilifu pasipo kumtaja Johann Ludwig Krapf. Wengi wanamfahamu kama mmisionari wa kwanza wa karne ya 19 kufika Mombasa, na wengine kama Mzungu wa kwanza kuandika habari za kuuona Mlima Kenya. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sehemu kubwa ya utumishi wake aliifanya akiwa ameketi, kalamu mkononi, akitafuta neno la Kiswahili litakaloweza kubeba Neno la Mungu. Huo ndio wito uliomgharimu kuliko yote, na ndio uliozaa matunda ambayo yeye mwenyewe hakuyaona.

Jina lake lina uhusiano na pwani hii ya Bagamoyo na Kaole kuliko inavyodhaniwa kwa kawaida. Kaole, kijiji chenye magofu ya msikiti na makaburi ya mawe ambayo chanzo chake ni karne ya 13, ndicho mahali ambapo wapelelezi Richard Burton na John Speke walianzia safari yao ya kwenda kwenye maziwa makuu mwezi Juni 1857. Miongoni mwa mambo yaliyowavuta kuja ni ramani iliyochorwa na Jakob Erhardt pamoja na Johannes Rebmann, wenzake Krapf katika kazi ya Rabai. Krapf mwenyewe alikuwa amesafiri na Erhardt kwa chombo mwaka 1850 kuifuata pwani yote kutoka Mombasa hadi Rasi Delgado, na katika safari hiyo pwani ya Mrima ilikuwa njia yao. Kwa hiyo wakati misioni za Kilutheri zilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, njia ilikuwa imekwisha kutengenezwa na mtu aliyefariki miaka 6 kabla yake.

KUZALIWA NA MALEZI

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Watu wa eneo lile walikuwa Walutheri, na wengi wao walikuwa wameguswa na uamsho wa kiroho uliosisitiza toba, maombi na kusoma Biblia nyumbani.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Akaugua na kulala kitandani kwa muda wa miezi 6. Mtoto ambaye angekuwa shambani au mchezoni akajikuta hana la kufanya isipokuwa kusoma, na kitabu kilichokuwa karibu naye kilikuwa Biblia. Hapo alizipenda sana habari za mababa wa Agano la Kale, waliosikia sauti ya Mungu na kuziacha nchi zao. Kipigo kile hakikuwa chema, lakini Mungu alikitumia kumfungulia mtoto yule mlango wa maandishi.

Mlango wa shule nao ulifunguka kwa namna isiyotazamiwa. Dada yake alitumwa Tübingen kununua kalenda, akakosea nyumba, akaingia kwa mjane wa mchungaji. Katika mazungumzo mjane yule alipata habari za kijana aliyependa vitabu, na kwa njia hiyo Krapf akaingia shule ya mjini. Huko alijifunza Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, lakini moyo wake uliipenda pia jiografia. Alipoitazama ramani ya Afrika alishangaa kuona kwamba upande wa mashariki, kuelekea nchi za Wasomali, palikuwa karibu patupu, pasipo majina ya miji wala ya watu. Mahali pale patupu hapakumtoka akilini. Baadaye mkuu wa shule alipowasomea wanafunzi habari za kazi ya misioni duniani, kijana huyu alianza kujiuliza kama yeye naye hakuwa mmoja wa wanaotakiwa kwenda.

WITO NA MASHAKA

Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 17, alipokelewa katika chuo cha Misioni ya Basel nchini Uswisi. Mtu angeweza kudhani kwamba tangu siku hiyo njia yake ilikuwa imenyooka. Haikuwa hivyo. Baada ya miaka 2 alishikwa na mashaka makubwa kuhusu nafsi yake. Alijiona hastahili, akaogopa kwamba hamu ya kwenda mbali ilikuwa yake mwenyewe wala si sauti ya Mungu. Mwaka 1829 akakiacha chuo na kurudi nyumbani.

Alisoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, akamaliza mwaka 1834, akawa msaidizi wa mchungaji katika kijiji cha Wolfenhausen. Huko nako hakudumu. Alihubiri juu ya siku za mwisho kwa ukali uliowaudhi wakubwa wake, na akajiuzulu. Akafanya kazi ya kufundisha watoto wa watu katika nyumba zao. Kwa macho ya kibinadamu alikuwa msomi aliyeshindwa mara mbili: kwanza katika misioni, kisha katika ushirika.

Aliyemwinua hakuwa malaika bali rafiki. Peter Fjellstedt, mmisionari kutoka Uswidi, alizungumza naye na kumtia moyo airudie njia aliyoiacha. Krapf aliyapima maneno yale mbele za Mungu, akarudi Basel, na kutoka huko akapokelewa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, kijulikanacho kwa kifupi CMS, ambacho wakati huo kiliwatumia Walutheri wengi wa Kijerumani. Inafaa kuzingatia kwamba mashaka yake hayakuisha siku ile. Alichopata ni ujasiri wa kuondoka akiwa nayo.

ETHIOPIA: MLANGO ULIOFUNGWA

Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia. Alifika Adwa katika jimbo la Tigray, na baada ya miezi michache tu, mwaka 1838, yeye na wenzake wakafukuzwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1839 aliingia kwa njia nyingine katika ufalme wa Shewa, kwa Mfalme Sahle Selassie, akakaa huko hadi mwaka 1842. Hapo alikutana na habari za Waoromo, ambao katika vitabu vyake aliwaita Wagalla kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Aliamini kwamba taifa hilo kubwa likipokea Injili, Afrika Mashariki yote itaipokea. Akajifunza lugha yao na kuanza kutafsiri sehemu za Injili.

Mwaka 1842 aliondoka Shewa ili kwenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich. Njiani alinyang'anywa mali yake na kufika pwani akiwa na taabu nyingi. Walifunga ndoa Alexandria mwaka huo huo. Walipojaribu kuingia tena Ethiopia mwaka 1843, Rosine alijifungua mtoto wa kike nyikani, na mtoto yule akafa muda mfupi baadaye. Wazazi walikuwa wamempa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Ruhusa ya kuingia Shewa haikupatikana. Ndipo Krapf alipoanza kufikiri kwamba kama mlango wa kaskazini umefungwa, huenda Waoromo wangefikiwa kutoka kusini, kupitia pwani ya Waswahili.

MOMBASA, MWAKA 1844

Tarehe 7 Januari 1844 Krapf na mkewe walifika Unguja. Sultani Seyyid Said aliwapokea kwa heshima na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani ili wamtendee mema. Mtawala Mwislamu, aliyejua vizuri kwamba mgeni wake ni mhubiri wa dini nyingine, alimfungulia njia. Jambo hili halipaswi kusahauliwa na Wakristo wa pwani.

Wakahamia Mombasa, na Krapf akajifunza Kiswahili kwa bidii kubwa. Aligundua upesi kwamba lugha hii inaeleweka katika miji ya pwani kwa masafa marefu, kutoka kaskazini mwa Lamu hadi kusini mwa Kilwa, na kwamba wafanyabiashara wanakwenda nayo bara. Akaona kwamba anayetaka kusema na watu wa Afrika Mashariki hana budi kuanza na Kiswahili.

Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Katika maisha yake yote aliihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa siku kuu kabisa alizojaliwa. Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Msaidizi na mwalimu wake alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, mwanachuoni aliyeheshimiwa. Kadhi na mmisionari waliketi pamoja juu ya habari za kuumbwa kwa mbingu na nchi, wakitafuta namna ya kuzisema kwa Kiswahili kilicho sahihi. Hawakukubaliana katika imani, lakini walikubaliana kwamba lugha inastahili kushikwa kwa uaminifu.

Haikupita miezi 2, msiba ukaingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike tarehe 6 Julai. Homa ilikuwa imewashika wote wawili, mume na mke. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki dunia, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama yake. Walizikwa upande wa bara, mkabala wa kisiwa cha Mombasa. Krapf, akiwa bado dhaifu kwa homa kiasi cha kushindwa kusimama sawasawa, alibaki bila mke, bila mtoto, bila mwenzake wa kazi, na bila muumini hata mmoja.

Hapa ndipo maisha yake yalipofikia njia panda. Hakuna ambaye angemlaumu kama angepanda merikebu na kurudi kwao. Alikuwa amewazika watoto wawili na mke katika muda usiofika miaka 2, na katika miaka 7 ya utumishi hakuwa na ushirika wowote wa kuonyesha. Badala yake aliwaandikia wakubwa wake wa London kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika, na kwamba kaburi hilo ni ishara ya kuwa vita vimeanza na kwamba saa ya Injili kwa upande huu wa bara imefika. Barua hiyo imesomwa na kukumbukwa vizazi hata vizazi. Baada ya kuiandika, akaurudia ule Mwanzo. Katika miaka 2 iliyofuata alikuwa ametafsiri Agano Jipya katika rasimu, pamoja na kukusanya maneno ya kamusi na kanuni za sarufi.

KALAMU NA HERUFI

Si sahihi kusema kwamba Krapf aliwaletea Waswahili maandishi. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla yake, na walikuwa na tenzi na mashairi ya kina. Yeye mwenyewe alilijua hilo na kulithamini. Alikusanya miswada ya tenzi za kale, ukiwamo utenzi mashuhuri wa Herekali, na mwaka 1854 miswada hiyo ilifikishwa kwa chama cha wataalamu wa lugha za mashariki huko Halle, Ujerumani, ambako ilihifadhiwa.

Jambo jipya alilofanya ni kuchagua herufi za Kilatini. Aliona kwamba herufi hizo zinaweza kutenganisha vizuri zaidi baadhi ya sauti za Kiswahili, na pia, kama mtu wa zama zake, alitaka kuwatenga wasomaji wake na ushawishi wa Kiislamu. Sababu ya pili inaweza kujadiliwa leo, lakini uamuzi wenyewe ulikuja kuenea. Watoto wanaojifunza kusoma Kiswahili shuleni leo wanatumia herufi za namna ile ile.

Sura 3 za mwanzo za kitabu cha Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa lugha za mashariki. Mwaka 1848 Injili ya Luka katika lugha ya Warabai ilichapishwa Bombay, pamoja na kitabu cha kujifunzia kusoma kilichokuwa na Katekisimo ya Heidelberg. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilitoka Tübingen, pamoja na orodha ya maneno ya lugha 6 za Afrika Mashariki. Mwaka 1854 zikafuata sala za asubuhi na jioni kwa Kiswahili.

RABAI NA SAFARI ZA BARA

Mwezi Juni 1846 alifika Johannes Rebmann, Mlutheri mwenzake kutoka Württemberg. Tarehe 25 Agosti mwaka huo huo walihamia Rabai, kwa kibali cha wazee wa Warabai, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa hata wakapandishana kilima kwa shida. Hapo palikuwa kituo cha kwanza cha misioni katika bara la sehemu hizi.

Kutoka Rabai walisafiri. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Krapf naye alikwenda Usambara mwaka huo huo, akapokelewa Vuga na Mfalme Kimweri, ambaye alikuwa tayari kupokea walimu. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani kwa mtemi Kivoi wa Kitui, aliuona Mlima Kenya. Habari hizi zilipofika Ulaya, baadhi ya wasomi waliokuwa hawajakanyaga Afrika walizikataa na kuzifanyia dhihaka, wakisema kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Rebmann na Krapf hawakuyafuta waliyoyaandika. Waliyaona kwa macho yao, wakayaacha yasimame kama yalivyo hadi wengine walipokuja kuyathibitisha.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani. Karibu na mto Tana msafara ulishambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Alitembea usiku na kujificha mchana. Alipopata maji aliyajaza katika ala ya darubini na katika mitutu ya bunduki yake, kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Miiba ikairarua ala na maji yakamwagika. Alifika Rabai akiwa amechoka kabisa, wakati wenzake walikwisha kusikia kwamba amekufa.

UDHAIFU WAKE

Ingekuwa si haki kuandika maisha ya mtumishi huyu kana kwamba hakuwa na upungufu. Maandishi yake yana hukumu kali juu ya Waislamu na juu ya mila za wenyeji waliompokea na kumlisha, na msomaji wa leo hawezi kuzikubali zote. Alikuwa mwepesi wa kupanga mambo makubwa. Aliota mlolongo wa vituo vya misioni utakaovuka Afrika kutoka bahari ya mashariki hadi ya magharibi, wakati Rabai penyewe palikuwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa kilema aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Rebmann alikuwa na maoni tofauti. Yeye aliamini kwamba ni afadhali kukaa mahali pamoja kwa uvumilivu kuliko kwenda huku na huko. Jambo hilo lilileta mvutano kati ya watumishi wawili waliopendana. Krapf aliondoka Afrika mwaka 1853 kwa sababu ya afya mbaya. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, aliporudi kwao akiwa karibu kipofu. Ukitazama leo unaona kwamba kazi ilihitaji wote wawili: mmoja wa kutazama mbali, na mmoja wa kushikilia jembe mahali pamoja.

KORNTAL: MIAKA YA KUANDIKA

Krapf aliishi sehemu kubwa ya miaka yake iliyobaki katika Korntal, karibu na Stuttgart, mahali palipoanzishwa na Walutheri wa uamsho. Alirudi Afrika Mashariki mara moja tena, mwaka 1861 hadi 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao iliyokita mizizi huko Ribe. Mwaka 1867 alikwenda Ethiopia akiwa mkalimani wa jeshi la Waingereza, lakini ugonjwa ukamrudisha upesi.

Kwa mtu aliyezoea safari, miaka ya Korntal ingeweza kuwa miaka ya manung'uniko. Yeye aliifanya kuwa miaka ya kazi. Mwaka 1858 alitoa kitabu cha safari zake kwa Kijerumani, kikafuatwa na toleo la Kiingereza mwaka 1860. Alisimamia uchapaji wa Biblia ya Kiamhari na Agano Jipya la Kioromo huko St. Chrischona, karibu na Basel. Ile lugha ya watu aliowatamani tangu ujana wake, ambao hakufanikiwa kukaa kwao, ilipata Agano Jipya kupitia meza yake ya kuandikia.

Rebmann aliporudi akiwa hana nguvu wala macho, alikaa Korntal pia, na huko akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Alikuwa ameacha muswada wa kamusi ya lugha ya watu wa Nyasa, aliyojifunza Rabai. Krapf aliuchukua, akautengeneza na kuuchapisha mwaka 1877 kwa jina la Rebmann. Tofauti zao za zamani hazikumzuia kuitumikia kazi ya mwenzake.

Kazi yake mwenyewe kubwa, kamusi ya Kiswahili, iliendelea muda wote huo. Hapo palikuwa na jaribu lingine. Huko Unguja, Askofu Edward Steere wa misioni ya UMCA alikuwa akitafsiri Maandiko kwa Kiunguja, na Agano Jipya lake likatoka mwaka 1879. Tafsiri ya Agano Jipya ambayo Krapf aliifanyia kazi huko Mombasa katika miaka ya huzuni yake ilibaki katika miswada. Mwandishi anayeona kazi ya mwingine ikipokelewa na yake ikibaki sandukuni hujaribiwa kuiweka kalamu chini. Krapf hakuiweka. Aliendelea kusahihisha kamusi, neno baada ya neno, akiwa mzee na macho yamedhoofika.

Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki chumbani mwake, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda katika hali ya maombi. Alizikwa Korntal. Mwaka uliofuata, 1882, kamusi yake ikatoka London. Hakuishika mkononi.

MATUNDA YALIYOFUATA

Kamusi ile ikawa chemchemi ambayo waandishi wengine waliteka maji. Harry Binns wa CMS aliipitia na kuitoa upya mwaka 1925. Biblia nzima katika Kiunguja ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1890, na katika Kimvita mwaka 1914. Karl Roehl, Mlutheri wa Kijerumani aliyefanya kazi Tanganyika, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Biblia ya Muungano, ambayo vizazi vingi vya Walutheri vimeisoma kanisani na nyumbani, ilikamilika mwaka 1952. Watafsiri hawa hawakufanana, wala hawakukubaliana katika kila neno, lakini kila mmoja aliikuta njia imekwisha kukanyagwa.

Upande wa misioni nako mambo yalitimia kwa namna ambayo Krapf hakuipanga. Usambara, ambako Mfalme Kimweri alikuwa tayari kupokea walimu, ilipata wamisionari wa Kilutheri mwaka 1891. Dar es Salaam iliwapata mwaka 1887, na kutoka huko Injili ikaenea Uzaramo: Kisarawe, Maneromango, na vijiji vingine vya pwani. Kutokana na kazi hizo na nyingine zilizofanywa bara lilizaliwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania mwaka 1963.

MAFUNDISHO KWA KANISA

Maisha ya Krapf yana mafundisho kwa kila Mkristo aliyepewa karama ya kuandika, awe mtunzi wa nyimbo za kwaya, mwandishi wa masomo ya shule ya Jumapili, mtafsiri, au katibu wa mtaa anayetunza kumbukumbu za ubatizo na mazishi.

La kwanza ni kwamba mashaka si ushahidi wa kutokuitwa. Musa aliusingizia ulimi wake, Yeremia aliusingizia ujana wake, na Krapf aliacha chuo cha misioni kwa kujiona hafai. Mungu aliwatumia wote. Mara nyingi ujasiri huja kupitia kinywa cha rafiki, kama Fjellstedt alivyomjia Krapf. Kanisa linalotaka waandishi halina budi kuwa na watu wanaowatia moyo waandishi.

La pili ni kwamba kazi ya kuandika haifanywi na mtu mmoja. Bila Sheikh Ali bin Muhyiddin, na bila wenyeji wengi ambao majina yao hayakuandikwa, kamusi na tafsiri za Krapf zisingekuwapo. Wakristo wa Kaole na Bagamoyo, wanaoishi ujirani na Waislamu tangu siku ya kwanza ya kuwapo kwao, wana sababu ya kukumbuka kwamba Maandiko yao katika Kiswahili yalianza kwenye meza moja na kadhi.

La tatu ni kwamba mwandishi Mkristo hupanda asipovuna. Tafsiri iliyobaki sandukuni, kamusi iliyotoka baada ya mazishi, ramani iliyowaongoza wengine: hayo yalikuwa malipo ya Krapf hapa duniani. Usharika unapotimiza miaka 100 na kuandika historia yake, unafanya kazi ya namna hiyo. Wengi wa watakaoisoma historia hiyo hawajazaliwa bado. Inatosha kwamba iandikwe kwa kweli, ili wao nao wayajue matendo ya Bwana katika pwani hii na kuyaendeleza.

Jina la Bwana lihimidiwe.